Mlezi wangu wa kikundini amerudia pombe. Niende kwake?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 43, baba wa watoto wawili. Leo nina miezi 9 na siku 11 tangu ninywe mara ya mwisho. Kabla ya hapo nilikunywa miaka 18, na ile 4 ya mwisho nilikuwa siwezi hata kufunga vifungo vya shati asubuhi mpaka nizimue kwanza.

Aliyenitoa huko ni mtu mmoja wa kikundi chetu cha watu walioacha pombe. Nilikuwa nimelazwa baada ya kutapika damu, ndugu zangu wamekwisha kunichoka. Akaja mtu nisiyemjua, akavuta kiti, akaanza kunisimulia jinsi alivyokuwa akificha chupa ndani ya tangi la maji la choo. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, kwa sababu mimi nami nilikuwa nikificha humohumo. Hakunihubiria. Aliniambia siku wanazokutana, akaniachia namba yake ya simu, akaenda zake.

Tangu hapo akawa mlezi wangu. Ndivyo tunavyomwita mtu wa siku nyingi anayemshika mkono mgeni. Nilimpigia kila jioni, na mara nyingine saa nane za usiku kiu iliponibana. Sikumbuki hata mara moja aliponionyesha kuchoka. Alikuwa na miaka 6 bila kunywa, na kikundini kila mtu alimtazama yeye.

Mwezi na nusu uliopita akaanza kukosa vikao. Akasema kazi zimemzidi. Kisha jioni moja akapokea simu yangu, na ile sauti niliijua mara moja, maana ilikuwa sauti yangu mwenyewe ya mwaka jana. Akaniambia, "Mdogo wangu, usinitafute tena. Tafuta mtu wa kweli." Akakata. Nilikaa chini sakafuni, sikujua nifanye nini.

Kikundini wengine wanasema aachwe, akifika mwisho wake atarudi mwenyewe. Mmoja akasema huenda alikuwa akinywa kwa siri miaka yote hiyo. Mke wangu, ambaye ameteseka na mimi kuliko mtu yeyote, ananiambia, "Ukienda kwake mtarudi wawili mmelewa. Na hivyo vikao vyenu vya kukaa mkasimuliana ulevi, yeye vimemsaidia nini?" Sikuwa na jibu.

Shangazi, kama mwenye miaka 6 ameanguka, hii miezi yangu 9 ni kitu gani? Na tena nawaza, je, si mimi niliyemchosha kwa simu zangu za usiku? Niende kwake, au nimwache kama alivyosema?

Niseme na hili pia. Wiki mbili sasa siingii kikaoni. Natoka nyumbani kama kawaida, nafika kituo cha basi kilicho mbele ya jengo tunalokutania, nakaa kwenye benchi saa nzima nikiwaona wakiingia na kutoka. Halafu narudi nyumbani nasema kikao kilikuwa kizuri. Lakini sijanywa, Shangazi. Naapa sijanywa.

Aliyeachwa Njiani

*

Marahaba, mwanangu.

Nakuamini kwamba hujanywa. Umeniuliza habari za mlezi wako na nitakujibu, ila naomba tuanzie pale ulipoishia, kwenye benchi. Umeliweka mwisho wa barua kana kwamba ni jambo dogo, na mimi ndilo lililoninyima usingizi.

Kaka yangu, marehemu sasa, alikuwa mlevi. Nimekaa na ulevi nyumbani kwetu muda mrefu wa kutosha kujua kwamba chupa huwa ndiyo ya mwisho kuja. Kwanza hutangulia uongo mdogo usiomdhuru mtu. "Kikao kilikuwa kizuri." Kisha huja ile saa moja ya siku ambayo hakuna anayejua uko wapi. Wewe tayari unayo yote mawili. Miaka 18 ulimrudia mke wako na maneno yasiyokuwa ya kweli, na sasa umeanza tena, safari hii ukiwa na akili timamu. Sikwambii haya nikukaripie. Nakwambia kwa sababu bado uko kwenye benchi, na mlango uko mbele yako. Mtu akishavuka hapo, kurudi huwa kugumu zaidi.

Basi usiku wa leo, kabla ya jambo lingine lolote, mwambie mkeo ukweli kuhusu zile wiki mbili. Ataumia. Mwache aumie, wala usijitetee.

Sasa swali lako la kwanza, lile la miaka 6 na miezi 9.

Nikupe kisa cha watu wawili wa Marekani. Novemba 1934, mtu aitwaye Ebby Thacher alikwenda New York nyumbani kwa rafiki yake wa tangu ujanani, Bill Wilson, ambaye walikuwa wamelewa pamoja mara zisizohesabika. Wilson akaweka kinywaji mezani. Thacher akakikataa, akamweleza ameacha na ameachaje. Ndivyo ilivyokuwa, mlevi kumsimulia mlevi mwenzake mezani, kama wewe ulivyosimuliwa kando ya kitanda. Mwezi uliofuata Wilson akalazwa, akatoka, na hakunywa tena mpaka alipofariki Januari 1971. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wawili wa Alcoholics Anonymous, ile AA inayojulikana dunia nzima, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe.

Na Ebby Thacher, aliyemletea habari njema? Mwaka 1937 alirudia pombe. Akawa mtu wa kuacha na kurudia kwa miaka mingi. Wilson hakurudia pamoja naye, na hakumkana pia. Aliendelea kumwita mlezi wake na kumsaidia mpaka uzeeni. Thacher alifariki mwaka 1966 akiwa hanywi.

Unaona mahali ulipokosea hesabu, mwanangu? Umeifanya miezi yako 9 kuwa mkopo kutoka kwa mlezi wako, naye akifilisika na wewe unafilisika. Siku zile si yeye aliyeziishi bila pombe kwa niaba yako. Yeye alipokea simu, wewe ndiye uliyepiga. Kila usiku ule wa saa nane kulikuwa na mtu aliyenyanyua simu badala ya kunyanyua chupa, na mtu huyo ni wewe. Kuanguka kwake hakukuondolei hata siku moja. Na miaka yake 6 nayo haikufutika. Wewe ni sehemu ya miaka hiyo, na watoto wako wenye baba anayefunga vifungo vyake mwenyewe ni sehemu yake pia. Kwa hiyo yule aliyesema kwamba labda alikuwa anawadanganya muda wote, msamehe tu. Ameogopa kama wewe. Ni rahisi kumfanya aliyeanguka kuwa mwongo wa siku zote kuliko kukubali kwamba mkweli naye huanguka.

Swali la pili, kwamba labda ulimchosha. Hapana. Na hapa nataka nikae kidogo.

Huyo Wilson, miezi yake ya mwanzo bila pombe alizunguka akijaribu kuwaachisha walevi wengine. Hakufanikiwa hata kwa mmoja. Alipomlalamikia mkewe, Lois, mkewe akamwonyesha jambo alilokuwa halioni: yeye mwenyewe bado hajanywa. Mei 1935 akawa Akron, Ohio, kwa shughuli za kibiashara zilizoharibika, peke yake katika ukumbi wa hoteli, na upande mmoja wa ukumbi kuna baa yenye kelele za watu wanaofurahi. Akashikwa na kiu. Akaenda kwenye simu, akawapigia watu wa makanisa akiomba wampatie mlevi wa kuzungumza naye. Si daktari wala mchungaji, mlevi. Akaunganishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekubali kumpa robo saa tu kwa kuwa kichwa kilikuwa kinamuuma kwa pombe ya jana yake. Walizungumza saa nyingi. Smith alikuwa amekwisha kusikia mahubiri ya kila aina, ila hili lilikuwa jipya kwake: mgeni huyu amekuja kwa sababu yeye mwenyewe anahitaji msaada.

Kwa hiyo simu zako za usiku, mwanangu, zilikuwa zinamshikilia na yeye. Anayemlea mwenziwe hujilea. Wengi waliokaa muda mrefu bila pombe watakwambia hivyo hivyo.

Ila najiuliza jambo moja ambalo hamkuliuliza kikundini. Yeye alikuwa akimpigia nani? Miaka 6 kila mtu alimtazama yeye, umeandika hivyo mwenyewe. Nani alimtazama akamwuliza, "Na wewe kaka, usiku wako ulikuwaje?" Mgeni anaruhusiwa kulia kikaoni. Mzee wa kikundi akishakuwa nguzo anaona haya kusema kwamba jana alipita karibu na duka la pombe akapunguza mwendo. Anazoea kutoa ushauri, anaacha kutoa siri zake. Akisema "kazi zimenizidi," wote wanamwamini, maana nguzo haiulizwi. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja, na kila mara linaniuma. Siwalaumu, ni kosa la upendo. Lakini kikao kijacho mtu aliseme kwa sauti, na afadhali uwe wewe.

Kosa hilo na wewe unalo kwa upande wako. Ulikuwa na kikundi kizima na ukachukua mtu mmoja. Sasa amenyamaza na huna namba nyingine ya kupiga. Usitoke kikaoni Ijumaa au siku yoyote mnayokutana bila namba za watu watano, na uwapigie wiki hiyohiyo siku ambazo huna shida yoyote, muulizane habari tu, ili siku ya kiu mkono usiwe mzito. Omba pia mlezi mwingine kwa sasa. Huko si kumsaliti yule wa kwanza.

Haya, niende au nisiende? Nenda.

Ile kauli ya "aachwe mpaka afike mwisho wake" ina ukweli kidogo na hatari kubwa. Ni kweli huwezi kumwachisha mtu asiyetaka. Lakini wapo ambao mwisho wao ni kaburi. Kaka yangu alikuwa na watu waliomjua vizuri na kumpenda, na wote tulikubaliana kumwachia nafasi. Alipata nafasi nyingi sana. Mpaka leo sijui kama kugonga mlango kungebadilisha kitu. Najua tu kwamba haukugongwa.

Ila usiende peke yako, na katika hili mke wako ana haki kabisa kuogopa. Miezi 9 ni michache kusimama mbele ya chupa iliyofunguliwa na mtu unayempenda. Nendeni wawili, wewe na mtu wa kikundi mwenye miaka mingi bila kunywa, mwanamume mwenzenu. Nendeni asubuhi, kabla hajaanza, au ameanza kidogo tu. Mkimkuta amelewa, msibishane naye. Maneno anayoambiwa mtu mlevi hayafiki. Mwachieni ujumbe mfupi kwamba mmekuja na mtakuja tena, muondoke. Msikae ndani kama watu wanakunywa, hata kwa adabu. Usimpe pesa mkononi. Na kabla ya kwenda mpigie mtu, ukitoka mpigie mtu huyohuyo.

Mkimkuta anasikia, usimwulize kwa nini. Hata yeye hajui, na hilo swali linamrudisha kwenye aibu. Msimulie kama alivyokusimulia. Mwambie una siku ngapi. Mwambie kuhusu benchi lako. Alikwambia utafute mtu wa kweli, na pengine hakuna atakachoelewa haraka kuliko kusikia kwamba na wewe umeanza kudanganya na umekuja kwake kabla hujazama. Hapo hutakuwa umekwenda kumwokoa, utakuwa umekwenda kuomba. Ndivyo Wilson alivyomwendea Smith.

Na jambo hili lisisahaulike, kwa sababu linaua. Kama amekuwa akinywa sana kila siku majuma haya yote na akasema anataka kuacha leo, msimfungie ndani mkidhani mnamsaidia. Mwili uliozoea pombe ukikatiwa ghafla unaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na siku ya pili hadi ya nne wengine huchanganyikiwa, huona vitu visivyokuwepo, moyo huenda mbio na joto hupanda. Bila matibabu mtu anaweza kufa. Mikono kutetemeka sana, jasho jingi, kutapika, kuweweseka: hizo ni dalili za kumpeleka hospitali, wala si za kumwombea asubuhi ifike. Huko hupewa dawa na kusimamiwa, na baadaye zipo pia dawa za kupunguza hamu ya pombe ambazo daktari anaweza kumweleza. Kutumia dawa na kwenda vikaoni ni mambo yanayokwenda pamoja.

Akikufukuza, ondoka. Utarudi siku nyingine. Smith mwenyewe, baada ya yale mazungumzo marefu na Wilson, alikaa wiki chache bila kunywa, kisha akasafiri kwenda mkutano wa madaktari akalewa huko kabisa. Akarudishwa nyumbani, Wilson akamkalia kitandani siku kadhaa. Asubuhi ya siku aliyokuwa na upasuaji wa kumfanyia mgonjwa, alipewa bia moja ili mikono itulie. Hiyo ndiyo ya mwisho maishani mwake. Wana AA huihesabu siku hiyo, 10 Juni 1935, kuwa siku ya kuzaliwa kwa chama chao. Yaani tarehe wanayoisherehekea ilikuja baada ya kuanguka kwa Smith, mwanzilishi wa pili, alipokuwa na mwenzake aliyebaki karibu naye.

Nikija kwa mkeo. Ameuliza swali la haki na anastahili jibu. Mwambie hivi: mwaka 2020 watafiti walikusanya tafiti 27 zilizohusisha watu zaidi ya 10,000, na wakaona kwamba programu zilizopangwa vizuri za kuwaingiza watu katika vikao vya AA ziliwasaidia wengi zaidi kukaa bila kunywa kabisa kuliko tiba nyingine walizolinganisha nazo, kama ile ya mazungumzo na mtaalamu. Hazimlindi kila mtu, mlezi wako ni shahidi. Lakini "kusimuliana ulevi" kuna kazi. Mlevi hujificha, na pale anakaa na watu ambao hawezi kujificha kwao, kwa kuwa nao waliweka chupa zao ndani ya tangi la choo.

Na yeye je, anazungumza na nani? Umesema ameteseka kuliko mtu yeyote. Lois Wilson, mke yuleyule aliyemfungua mumewe macho, ndiye aliyeshiriki kuanzisha Al-Anon mwaka 1951, vikundi vya jamaa za walevi. Mimi nilikwenda katika kikundi cha namna hiyo nikiwa nimechelewa, kaka amekwisha kuzikwa, na hata hivyo kilinisaidia kulala. Kama kipo karibu nanyi, mpeleke mpaka mlangoni, kisha mwachie kikao chake. Usimwulize alisema nini humo. Hofu yake haitatulizwa na ahadi zako, amezisikia za kutosha. Itatulia akiwa na watu wake.

Kuna maneno manne wanaoacha pombe huyatumia kujipima kiu inapokuja: nina njaa, nina hasira, nina upweke, au nimechoka? Katika barua yako nimehesabu matatu. Una hasira na aliyekuacha, umechoka, na mpweke umekuwa hasa, umekaa saa nzima ukiwatazama watu wako kutoka kituo cha basi. Upweke ndio utakaokuua ukiuachia. Wale unaowaona wakiingia mle ndani, mmoja wao bila shaka amekuona hapo kituoni. Hakuja kwa sababu anadhani unataka kuachwa, kama ninyi mnavyodhani juu ya mlezi wenu.

Kikao kijacho fika mapema, kabla hujapata muda wa kukaa kwenye benchi. Chukua kiti cha karibu na mlango ukitaka. Zamu yako ikifika sema, "Nimedanganya wiki mbili, na ninataka mtu wa kunisindikiza kwa ndugu yetu." Watakaonyanyua mkono watakuwa zaidi ya mmoja. Ukishatoka kwake, alivyokupokea vyovyote vile, niandikie.

Shangazi yako